Omba Uwe Kaizari

Kiangazi kikishika Mara, mvua zikakatika na pamba ikaanza kufika kwenye mizani kule Bunda, watu wazima wenye kazi na familia zao hupatwa na hamu ya jukwaa. Mwalimu wa hisabati anakumbuka ngonjera aliyoghani darasa la tano mbele ya mkuu wa wilaya. Karani wa halmashauri anakumbuka kwamba mtu fulani, harusini, aliwahi kumwambia ana sauti. Shule zimefungwa, watoto wako kwa bibi yao, na kwenye kundi la WhatsApp linatua tangazo: warsha ya sanaa za maonyesho kwa watu wazima, wiki tatu, Musoma, Bunda na Butiama, nauli, chai na chakula cha mchana vitatolewa.

Hapo pa "vitatolewa" ndipo ulipoacha kusoma, na ulifanya vyema. Yaliyobaki nitakueleza mimi.

Nakufahamu, ndugu yangu. Unaipenda sanaa kweli, hasa ile sehemu ya makofi. Unachokiogopa ni kinachotangulia makofi: kukariri, kukosea mbele za watu, kuambiwa urudie. Mwongozo huu unairuka sehemu hiyo. Ufuate hatua kwa hatua, na usimpe jirani yako nakala, kwa sababu katika kila igizo nafasi ya kutofanya kitu huwa ni moja tu.

1. Jaza fomu kwa ujasiri

Fomu itauliza uzoefu wako. Usiache nafasi wazi hata moja, maana nafasi wazi ndiyo inayosema ukweli. Ile ngonjera ya darasa la tano ni uzoefu. Mathias Mnyampala na washairi wenzake walizipigia chapuo ngonjera baada ya Azimio la Arusha la 1967, ili siasa ya Ujamaa iwafikie wananchi kwa vina na mizani. Nawe ulisimama mstari wa nyuma umeshika bendera ya karatasi. Andika: "Nimelelewa katika utamaduni wa ngonjera za Mnyampala." Nani atabisha? Lile igizo la Krismasi kanisani, ulipokuwa kondoo, andika "uhusika usio wa maneno". Ule mkutano wa vyandarua uliofungwa kwa kichekesho, andika "sanaa shirikishi kwa jamii".

Jambo moja tu usilidanganyie: Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza kule mwaka 1981, leo kinaitwa TaSUBa, na mwezeshaji wako huenda ni zao la pale. Watu wa Bagamoyo wanajuana kwa ngoma, kwa chumba cha bweni na kwa jina la utani. Ukisema ulipita huko atakuuliza mwaka gani na ulikuwa na nani, na chai ya saa nne itakukuta umeshaumbuka.

2. Beba majina mawili, yanatosha

Siku ya kwanza mtakuwa Musoma, ukumbini, viti vimepangwa duara. Siku hiyo hakuna anayeigiza. Watu wanajitambulisha na kutaja wakubwa wa fani. Usihangaike na wengi. Beba Stanislavski na Boal.

Stanislavski alikuwa Mrusi, akafariki 1938, na alitaka mwigizaji aamini kwa dhati anachokifanya jukwaani. Kwako wewe huyu ni bima. Ukichelewa, ulikuwa unatafuta ukweli wa ndani wa mhusika. Ukisahau maneno, mhusika amezidiwa na hisia. Ukikaa kimya dakika nzima kwa sababu hujui umeulizwa nini, fumba macho kidogo. Wenzako watashusha sauti kwa heshima.

Augusto Boal, Mbrazili, ni mtamu zaidi. Kwake mtazamaji ana haki ya kulisimamisha igizo, kupanda jukwaani na kuonyesha yeye angefanya nini. Umeuona mlango? Maneno yakikupotea, wageukie watazamaji na uwaulize: "Ninyi mngefanyaje?" Kisha kaa upumzike. Katika mkoa huu hajazaliwa mtu aliyeombwa maoni akanyamaza. Mjita atasimama, Mkurya atasimama kumpinga Mjita, Mzanaki atawataka wote wawili wakae wamsikilize mzee, mzee ataanza na asili ya ukoo wake, na wali utaiva igizo likiwa halijaendelea hata mstari mmoja. Mwezeshaji ataandika kwenye ripoti kwamba ushiriki ulikuwa mkubwa.

Mtu akidai mfano wa karibu, sema Malya. Ni kule Kwimba, kwa majirani zetu wa Mwanza, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji, wakayachunguza pamoja nao matatizo ya kijiji, kisha matatizo hayo yakatungiwa ngoma na michezo. Tamka "Malya" taratibu, tikisa kichwa, nyamaza. Usiingie ndani zaidi. Ukiingia utalazimika kukiri kwamba kule wanakijiji ndio waliochagua la kuigiza, na hapa la kuigiza lilishachaguliwa kwenye bajeti.

3. Paza sauti ya jirani

Asubuhi ya pili mtapelekwa ufukweni, juu ya mawe, mshindane na upepo wa ziwa. Pumzi itoke tumboni, atasema mwezeshaji. Wewe panua mdomo, panua na mikono, umwache aliye kulia kwako afanye kazi. Watu kumi na watano wakipiga kelele pamoja, hakuna sikio linaloweza kumtafuta asiyepiga.

Ila shauri mapema kwamba zoezi lifanyike mbali, upande wa Makoko au popote penye mawe na ndege tu. Lisifanyike Mwigobero. Mwigobero kuna mama anayeuza dagaa ambaye humwita mteja aliye ng'ambo ya mitumbwi, juu ya injini na juu ya redio, bila kuacha kuhesabu chenji, na sauti yake humfikia huyo mteja ikiwa imebeba jina lake, deni lake na masikitiko ya mama mzima. Hakuna aliyemfundisha pumzi ya tumbo.

Stendi ya Bweri nayo ikwepe. Mpiga debe atakuapia kwamba gari limejaa, kimebaki kiti kimoja tu, cha dirishani, amekutunzia wewe. Utaingia na kukuta abiria wanne, ambao nao waliingia kwa kiapo hichohicho. Stanislavski angemwajiri kijana huyu siku hiyohiyo. Mwigizaji wa warsha akisimama karibu naye, watu wanaiona tofauti mara moja, na hawaioni kwa faida yako. Mimi husema mkoa huu una waigizaji wengi kuliko majukwaa, tatizo lao ni kwamba wako kazini; ndiyo maana nafasi za warsha zimebaki kwa ajili yetu.

4. Ukipewa zoezi la papo kwa papo, uwe mlevi

Sina maelezo marefu hapa. Mlevi hakosei maneno. Akianguka, alikusudia. Akisahau jina la mwenzake, watu wanacheka. Vichekesho vyetu, tangu vya jukwaani hadi vya runinga, vimeishi miaka mingi kwa mgongo wa mlevi, mzee mwenye mkongojo na mganga mwenye masharti. Mlevi akikataliwa, chukua mkongojo.

5. Omba uwe Kaizari

Sasa tufike penyewe. Igizo litakuwa lipi?

Kutakuwa na msomi atakayependekeza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969. Mpinge kwa heshima zote. Kwa maji tunayo ya kutosha, ziwa zima lile, lakini mhusika mkuu wa mchezo ule anasumbuliwa na mashaka, na mashaka hayaigizwi mtu akiwa amelala. Mwingine atasema Nguzo Mama ya Penina Muhando. Humo wanawake wa kijiji wanahangaika kusimamisha nguzo. Maana yake kuna kitu kizito cha kuinua, kila siku, jua kali. Kataa, na mshukuru kwa mchango wake.

Wala hutatoa jasho kukataa, kwa sababu mkiwa Mara na safari inaishia Butiama kura haihitajiki. Mtu atasimama na kusema lazima tumuenzi Mwalimu Nyerere, nanyi nyote mtapiga makofi, kwani sentensi hiyo haijawahi kupingwa katika kikao chochote. Mwalimu alianza shule hapahapa Musoma, Mwisenge, mwaka 1934. Tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa 1963, yeye akiwa Rais. 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akaongeza Mabepari wa Venisi. Tamthilia mbili nzima, na nchi mkononi. Wewe umepewa mistari kumi na miwili na unasema kazi za ofisini zimekubana. Usijilinganishe naye. Watu wengi wameharibu kiangazi chao kizuri kwa kujilinganisha.

Basi ni Kaizari. Wasiofikiri watakimbilia Bruto. Waache wakimbie. Katika Kiingereza cha Shakespeare, Bruto ana mistari zaidi ya 700, tena muda wote dhamiri inamtafuna, jambo linalomchosha mtu hata akiwa amekaa. Kasio anatakiwa awe mwembamba, na ninyi mmeshakula wali wa warsha wiki nzima. Antoni ana ile hotuba ndefu juu ya maiti ya Kaizari, ambayo itagombewa na kila wakili na kila anayeutaka udiwani. Atakayeipata hatalala tena. Yuko pia yule mshairi anayeuawa na umati kwa sababu tu jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji. Nafasi yake ni fupi na inavutia, lakini umati wa kwetu ukishashika ukosi wa shati huwa haukumbuki kwamba huu ni mchezo.

Sasa mtazame Kaizari. Tamthilia ina matendo matano. Yeye anakufa mwanzoni mwa tendo la tatu. Mistari yake haifiki robo ya ile ya Bruto. Mingi ni ya kujisifu, kazi ambayo umeifanyia mazoezi tangu ujana. Jina lake ndilo lililo kwenye tangazo ukutani. Akiwepo wanamzungumzia, asipokuwepo wanamzungumzia, akifa wanapigana vita kwa ajili yake. Baadaye anarudi mara moja tu kama mzimu, usiku, kwenye mwanga hafifu, na maneno machache unayoweza kuyaandika kiganjani. Sijui ajira ya serikali yenye masharti mazuri kuliko haya.

Namna ya kuomba ni kutoomba. Siku mbili kabla ya kugawa nafasi, ingia ukumbini wa mwisho, itikia salamu kwa kichwa, keti kiti cha katikati. Mtu akizungumza, mwangalie kidogo kisha angalia dirishani. Wengine wakiinua mikono na kuruka wakisema "mimi, mimi", wewe futa miwani. Mwezeshaji atakuona na kudhani kwamba amekugundua yeye.

Kuna hatari moja. Mwezeshaji aliyetoka Dar es Salaam akisikia tu kwamba kwenu ni Tarime, umeshapewa upanga. Ndivyo wanavyotujua: mtu wa Mara ni mura, na mura ni askari. Kama hutaki kusimama nyuma ya wenzako wiki tatu umeshika mkuki wa mti, kanusha mapema. Sema ukoo wenu ni wa mafundi cherehani. Na matamshi yasikutie hofu: kwa ulimi wa baadhi yetu Juliasi atakuwa Juriasi, lakini Kaizari kaja na r yake mwenyewe.

6. Shuka, visu na damu

Warumi walivaa shuka. Babu zetu walivaa lubega miaka yote hiyo bila mtu wa maleba kuwafunga fundo begani, kwa hiyo hapa mkoa uko mbele. Shida ni kupata shuka jeupe. Wengi huazima gesti. Ukiazima gesti, ligeuze kabla ya kulivaa. Shuka za gesti hupigwa jina kwa wino mkubwa ili zisiibwe, na nimewahi kumwona Kaizari akichomwa visu huku kifuani ameandikwa MALI YA, likifuatiwa na jina la nyumba ya kulala wageni. Watazamaji wa mstari wa mbele waliwasomea walio nyuma. Bruto mwenyewe alicheka, akamchoma Kasio.

Kuhusu damu, Shakespeare anataja majeraha 33. Juisi ya rozela ina rangi hasa ya kazi hiyo, lakini haitoki kwenye kitambaa, na mwenye gesti hatasikiliza habari za Roma. Waelekeze wauaji wachome kwa adabu, upande usioonekana, pasi na damu. Waambie ndio mtindo wa sasa. Visu viwe vya mbao. Mwenye bucha pale Bunda atajitolea kuwaazima vya kwake kwa moyo mweupe, mshukuruni na mkimbie.

7. Bunda: wiki ya kulala

Wiki ya Bunda ndiyo ya mazoezi makali, kwa hiyo ndiyo inayotaka maandalizi. Jiografia itakusaidia. Bunda iko kwenye barabara ya Mwanza, Mwanza kuna Hospitali ya Bugando, na hakuna familia ya Kanda ya Ziwa isiyo na mtu wa kumtazama Bugando. Mgonjwa mmoja anatosha kwa siku mbili. Asife, utamhitaji tena.

Halafu kuna karatasi ya mahudhurio. Anayeitunza ni mkubwa kuliko mwezeshaji. Jua anapenda soda gani, jua mtoto wake yuko darasa la ngapi. Na sahihi yako iwe rahisi, mstari na duara, mtu mwema aweze kukusaidia bila kutoa jasho.

Siku utakazokuwepo, utakuwa umelala. Antoni anatoa hotuba juu ya mwili wako, anakosea, anaambiwa arudie. Anakosea tena. Hii ndiyo neema uliyoiombea, itumie kitaalamu. Lala ubavu, uso uelekee ukutani, maana maiti inayotazama juu hutembelewa na nzi. Tandika kanga chini ya shuka, saruji ni saruji hata kiangazi. Usichague kivuli kilipo sasa. Chagua kitakapokuwepo saa tisa, bati likishaanza kulia kwa joto. Jikunje kidogo magoti: wauaji walikuua ghafla, hakuna atakayeshangaa. Sinzia ukipenda, lakini usikorome. Maiti inayokoroma humharibia Antoni, na Antoni ndiye mwenye pikipiki ya kukurudisha gesti. Wakikuuliza kwa nini hukuinuka wenzako walipokwenda kunywa chai, sema ulikuwa bado umevaa uhusika.

Nakuonya jambo moja. Ukilala pale siku nne tano mfululizo, ile hotuba itaanza kukuingia. Hukuiita, hukuikariri, lakini Antoni akikwama utashtukia midomo yako inatembea. Utajikuta unaitoa bafuni, na unajua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kuwaacha watu wasubiri. Ikikutokea, usimwambie mtu. Ukisikika, utanyang'anywa Kaizari na kupewa kazi.

8. Butiama: siku yenyewe

Mtaipita Makutano, mtapinda kuelekea Butiama, na njiani mtu ataanza kueleza alivyowahi kumwona Mwalimu kwa macho yake. Mwache, ndiye mwigizaji wa safari. Mkifika mtapelekwa kwanza makumbusho, kisha Mwitongo, kwenye kaburi. Hapo acha mbwembwe zote. Katika kila kundi huwa yupo anayelia kwa sauti huku ameelekeza uso kwenye simu ya mwenzake. Usiwe yeye, na usisimame karibu yake.

Onyesho limeandikwa saa nane mchana. Mgeni rasmi atafika saa kumi na nusu, naye ataomba radhi kwa majukumu. Kutakuwa na Wimbo wa Taifa, sala mbili, na wazee wa litungu, ambao watapiga vizuri mpaka ujute kwamba baada yao mnafuata ninyi. Kisha utambulisho. Kila aliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa atasimama apunge mkono, kisha atawatambulisha aliofuatana nao, nao watasimama. Risala itasomwa yote, pamoja na changamoto saba. Shairi la pongezi litaghaniwa. Jua litakuwa limeshaanza kushuka na dereva wa mgeni ameshawasha gari, ndipo mshereheshaji atakapokuja nyuma ya pazia na kutamka maneno uliyoyangoja wiki tatu: "Jamani, muda si rafiki. Fanyeni dakika kumi."

Dakika kumi za Juliasi Kaizari ni zipi? Si dhamiri ya Bruto. Si vita vya Filipi. Si ugomvi wa Bruto na Kasio hemani, ambao wale wawili wameufanyia mazoezi mpaka wakagombana kweli. Ni mauaji, ndugu yangu. Ni wewe. Utaingia, utajisifu, utachomwa, utaanguka, watapiga makofi. Antoni, aliyekariri hadi mkewe akaenda kwao kupumzika, atainama juu yako, atavuta ile pumzi ya tumbo, atasema sentensi moja, na muziki utamkata. Mwonee huruma baadaye, kwenye pilau. Mwachie hata lile pande la nyama lenye mfupa.

Namna ya kuanguka: taratibu, kwa awamu, kila simu ikupate. Anguka kuelekea meza kuu bila kuifikia. Mkono mmoja ubaki juu kidogo kuliko mwili, halafu ushuke baada ya kila kitu kutulia. Watu walio nyuma watasema "ooh", na hiyo "ooh" ndiyo itakayobaki kwenye video. Mgeni rasmi akisimama kuhutubia, atawapongeza wasanii wote kwa jumla, kisha atasema "na hasa yule aliyekufa". Inuka, umshukuru, ulale tena.

9. Cheti, na kiangazi kinachofuata

Jina lako kwenye cheti litakosewa herufi moja. Usikirudishe, maana kikirudi Musoma kusahihishwa hutakiona tena. Kesho yake asubuhi kipeleke Mukendo, kitiwe nailoni, kitundikwe sebuleni usawa wa macho ya mgeni aliyekaa. Posho usiitaje kwa mtu, hasa shemeji.

Fomu mpya zikitoka mwakani, usijaze. Andika barua kuomba uwe mwezeshaji. Posho ya mwezeshaji ni nene, analala chumba chake peke yake na maji yake ya chupa ni ya baridi. Sifa unazo: majina mawili, cheti, na video ya kifo chako mbele ya mgeni rasmi. Katika washiriki atakuwepo mmoja mbishi atakayetaka uonyeshe kwa vitendo. Usitishike. Simama katikati ya duara, ngoja wanyamaze, halafu wape hotuba ya Antoni, yote, kama ilivyokuingia ukiwa umelala kwenye saruji ya Bunda. Wakikuuliza uliisomea wapi, waambie muda si rafiki na uwatume ufukweni wakapaze sauti.